Wenye vibanda umiza Moshi, mnaruka kifo cha baba mkubwa wake Spider-Man ili iweje??

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mkikuta herufi zimerukaruka mnisamehe, hazijaruka kama mwenye kibanda alivyoturusha jana.

Jana baada ya ibada nimemchukua dogo, mtoto wa marehemu kaka yangu, yuko darasa la nne na huu ni mwaka wa pili naishi naye, tukaingia kibanda kimoja cha kuonyesha muvi huku Pasua. Jero yangu jero yake, maana siku hizi mtoto naye analipa kamili hata kama amekaa chini kwenye mkeka. Mimi mwenyewe ndo niliomba iwekwe Spider-Man ile ya 2002. Ya zamani, najua, ila nilitaka dogo auone ule mwanzo, kwa sababu mimi hiyo stori niliisoma kwanza kwenye komiki chakavu niliyoiokota kwenye rundo la vitabu vya mtumba pale Memorial na mpaka leo haijanitoka.

Sasa sikilizeni. Peter, ndo Spider-Man mwenyewe, anaingia ulingoni kwenye mieleka, kaahidiwa dola 3,000, akimaliza kazi anapewa 100. Kakasirika. Dakika hiyohiyo mwizi anampora yule promota, anatoka mbio, Peter anampisha mpaka kwenye lifti anaondoka zake. Anaulizwa mbona hukumzuia, na jibu lake kwa Kiswahili chetu cha mtaani ni HAINIHUSU. Halafu mwizi huyohuyo ndo anaenda kumpiga risasi mzee Ben aliyemlea Peter. Hapo ndo penyewe wakuu! Kule kung'atwa na buibui kulikompa nguvu ni ajali tu, hata mimi naweza kung'atwa. Na ni hapohapo watu wakaanza "mangi peleka mbele, hapo hakuna ngumi", mangi naye na rimoti yake akapeleka. Nimesimama nikasema rudisha, nikaambiwa bro kaa chini unatuziba.

Halafu kuna huyu aliyeingiza sauti ya Kiswahili, anamwita "mjomba Ben" mwanzo mpaka alipopotea. Mjomba wa wapi? Ben ni ndugu yake baba yake Peter, tena mkubwa, kwetu huyo ni BABA MKUBWA, na mtoto wa ndugu yako aliyefariki huwi umemsaidia kumlea, huyo ni wako. Mtu anayesema mjomba hapo hajaielewa hata familia anayoitafsiri.

Na nyie wa kuweka status ile sentensi ya "nguvu kubwa huja na wajibu mkubwa" mkiandika chini "Uncle Ben", kwenye komiki ya kwanza ya 1962 ya Stan Lee na Steve Ditko mzee hakuisema kabisa. Iko kwenye maelezo ya picha ya mwisho, mzee keshauawa, kijana anatembea peke yake usiku. Stori nzima kurasa 11. Maana yake hakuna aliyemuonya, alijifunza kwa kulipa.

Na kulipa kwenyewe hakuishi. Jamaa kodi ya chumba inamshinda, anajipiga picha akiwa kwenye yale mavazi anamuuzia mzee Jameson wa gazeti, na gazeti hilohilo linamwita mhalifu, yaani analishwa na matusi yake mwenyewe. Mwaka 1973 mchumba wake Gwen Stacy anatupwa kutoka darajani, Peter anamdaka na utando kabla hajafika chini, na kule kukatishwa ghafla ndo kunamvunja shingo. Soma hiyo halafu niambie ngumi ingesaidia nini.

Nisiseme sana, ila mwezi uliopita nimeibiwa betri ya bodaboda nje ya geti usiku. Mlinzi wa jirani aliwaona wawili wakifungua, na spana wanayo, na tochi wanayo. Asubuhi ananisimulia kabisa walivyovaa. Nikamuuliza si ungepiga hata filimbi? "Mimi nalinda hapa kaka, hapo kwako hapanihusu." Filimbi ilikuwa shingoni wakuu. Na huyu anaangalia muvi kila siku kwenye simu, sauti tunaisikia mpaka chumbani.

Sasa kilichonileta hapa. Tunarudi nyumbani dogo kimya mpaka tumefika kwenye mfereji, ananiuliza, baba mdogo, mbona alimwachia yule mwizi halafu tena anamkimbiza na hasira vile? Nikaanza kumweleza. Akanikatiza, na yule mzee aliyekuwa anamlea alienda wapi?

Nimekaa pale kwenye jiwe nikamsimulia kile kipande chote, barabarani usiku, watu wamezunguka, kijana anapenya katikati yao. Nilikuwa nimelipa jero mbili ili TV inisaidie kusema hilo jambo kwa mtoto ambaye baba yake hayupo, mwishowe nimelisema mwenyewe, vibaya, huku nameza mate. Akauliza, kwa hiyo angemzuia tu pale kwenye lifti? Nikamwambia eeh. Akarusha kijiwe majini.

Mangi kama unasoma humu, hela yangu kaa nayo. Jumapili nakuja na flashi yangu, nalipia viti vyote ishirini kama ni lazima, ila rimoti nakaa nayo mimi.