Ndugu yetu aliye kijijini Italia: ahamie Milano au abaki alipo?

Assalam alaykum, na salamu kwenu nyote. Naleta hapa suala lililoigawa nyumba yetu ya Malindi wiki nzima hii, na najua si yetu peke yake. Binti wa mjomba wangu yuko Italia mwaka wa nne sasa, katika kijiji kimoja karibu na Cuneo, anamwangalia bibi wa Kitaliano. Analala humo humo kwa bibi, anakula humo humo. Sasa ameleta habari kwamba anataka kuhamia Milano. Mjomba amekataa katakata. Mamake yuko upande wa bintiye ila hasemi kwa sauti. Mimi nilikaa kijiji kama hicho miaka sita kabla ya kuhamia Milano, na kwa kuwa niko likizo hapa nyumbani nikaitwa nitoe neno. Neno langu halikumpendeza mjomba, basi naliweka mbele yenu.

Hoja yake nitaieleza kwa haki, maana ina uzito. Huko aliko halipi kodi ya nyumba, halipi stima, hanunui unga. Anachopata ni chake chote. Kwa pesa hiyo nyumba ya mamake imeezekwa na mdogo wake yuko chuo. Milano atalipa chumba, atalipa treni, atakula kwa mfuko wake, na hakuna atakayemjua. Mjomba mwenyewe alifanya kazi hotelini hapa Malindi miaka mingi. Aliwaona vijana wa Marafa na Ganda wakija mjini na matumaini, kisha kusi ikivuma, watalii wakiondoka na hoteli zikifungwa milango, wao ndio wa kwanza kufukuzwa vyumbani kwa kukosa kodi, huku ndugu zao waliobaki shamba wana mahindi yao. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake huwezi kumwambia anaogopa bure.

Tena safari hizi za Italia hazikuanza jana. Waitaliano wamekuwa nasi tangu walipoweka kituo chao cha roketi pale Ngomeni miaka ya 1960. Kiitaliano watu wetu wamekiokota ufukweni na jikoni mwa hoteli, kisha wakafuata lugha hiyo mpaka kwao. Wengi wetu wanawake tumeishia kazi moja, ya kulea wazee, kwa sababu ndiyo iliyokuja na kitanda.

Na hicho kitanda ndicho kinachonisumbua.

Bibi niliyemwangalia mimi alikaa juu ya vilima vya Langhe, mizabibu pande zote, na ukungu wa Novemba unaomeza hata mnara wa kanisa. Basi la kwenda Alba lilipita asubuhi na jioni, na Jumapili halikuja kabisa. Mkataba wa kitaifa wa kazi za nyumbani unasema anayelala kazini asizidi saa 54 kwa wiki, na apumzike saa 36: Jumapili nzima, na nusu siku nyingine. Haki hiyo nilipewa, siwasingizii. Lakini ukipewa Alhamisi mchana, basi la asubuhi limeshakwenda, utaipeleka wapi? Nilikaa chumbani mwangu, bibi akaniita, nikatoka. Kiitaliano changu kilikuwa cha dawa, supu na hali ya hewa.

Alifariki Januari, kabla ya alfajiri. Nilimfumba macho, nikamfunga kidevu kwa leso yangu kama tunavyofanya kwetu, ndipo nikawapigia wanawe. Ni watu wenye heshima, walilia nami jikoni. Wiki mbili baadaye mkubwa wao akaniuliza kwa upole sana nitatoka lini, kwa sababu nyumba inauzwa. Kiinua mgongo walinilipa mpaka senti ya mwisho. Nikamrudishia ufunguo mkononi, na hapo hapo nikawa sina kazi, sina pa kulala, sina anwani.

Hilo la anwani mjomba analiona dogo. Italia mtu asiyetoka Umoja wa Ulaya anahitaji miaka 10 ya ukazi wa kisheria, usiokatika, kabla ya kuomba uraia. Juni 2025 walipiga kura ya maoni ya kuipunguza iwe 5, ikaanguka kwa sababu wapiga kura hawakutosha. Ukifutwa kwenye daftari la wakazi la manispaa kwa kukosa anwani, hesabu yako iko hatarini kuanza upya. Kibali cha kuishi chenyewe hakifi kwa kupoteza kazi, sheria inakupa angalau mwaka mmoja kutafuta nyingine. Sawa, lakini utaitafuta ukiwa umelala kwa nani? Mimi nilimpata mama mmoja wa kwetu Mambrui aliyekuwa amepanga Sesto San Giovanni, ukingoni mwa Milano. Akanipokea, akaniandikisha kwake. Bila yeye sijui.

Kwa hiyo nilimwambia mjomba: ahame wakati bibi yake yu hai. Ahame akiwa na mshahara unaoingia na hati za mshahara za kumwonyesha mwenye nyumba, maana Milano bila hati hizo hupati hata chumba cha nyuma. Asingoje msiba umhamishe kama ulivyonihamisha mimi.

Gharama siifichi. Kijijini nilikuwa natuma euro 400 kila mwezi. Mwaka wa kwanza wa Milano nilituma 150, na miezi mingine hata hizo sikuzipata. Chumba peke yake kilikula nusu ya mapato. Leo natuma 300, nafanya kazi kwa familia mbili, na jioni nasoma. Nataka nifike kwenye kozi ya wasaidizi wa wagonjwa, ya saa 1,000, inayomfungulia mtu kazi za hospitali. Usiku nikirudi nafungua mlango kwa ufunguo wangu.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu

Ndugu mmoja ameandika kwamba kumwacha mzee anayekutegemea ni khiyana. Neno hilo limeniuma, kwa sababu nilimpenda bibi yangu. Lakini mkataba una notisi, na notisi ipo ili familia itafute mtu mwingine. Binti anaweza kukaa wiki mbili na huyo mgeni, amwonyeshe dawa, amwonyeshe bibi anavyopenda kushikwa akiinuka kitini. Hiyo ni kuaga kwa adabu. Khiyana ningeiita kuondoka usiku.

Mwingine amenikumbusha jambo nililolisahau: binti anakaribia miaka 5 ya kuishi Italia kisheria, na akiitimiza anaweza kuomba kibali cha muda mrefu, kwa mtihani wa Kiitaliano wa kiwango cha A2 na kipato kinachotosha. Akihama sasa na kipato kikashuka, anaweza kujiharibia. Hapo nakubali, nilisema kwa haraka. Asubiri huo mwaka, lakini ausubiri akiwa anatafuta chumba na kusoma lugha.

Na dada wa Brescia anauliza kwa nini Milano, wakati kuna Torino, iliyo karibu zaidi na Cuneo na yenye kodi nafuu. Sikuwa na jibu. Nadhani sisi watu wa pwani tukisema mjini tunafikiria ule mmoja tulioambiwa.

Jana usiku binti alipiga simu, tukamweka kwenye spika sebuleni. Hakubishana na babake. Alimuuliza mamake jambo moja tu: nikituma nusu, mtaweza miezi mingapi? Mamake akanyamaza, akahesabu kwa vidole ada ya chuo, dawa za presha, mchele. Akasema minne. Mjomba akainuka akaenda kuswali isha, na alipotoka msikitini hakurudi sebuleni, akakaa barazani peke yake.

Wenye kujua bei ya chumba Torino, andikeni hapa. Nitamsomea mjomba mwenyewe.