Naomba ushauri: nataka kumjengea mzee wangu stesheni ya Kilosa, ndogo, ndani ya chumba

Mtoto wa Kilosa:

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mzee wangu alikuwa mtumishi wa Reli ya Kati, na miaka mingi ya kazi yake ilipita Kilosa. Sasa anaishi kwangu hapa Tabata. Macho yamepungua nguvu na magoti hayamruhusu safari ndefu. Juzijuzi nilimpandisha SGR mpaka Morogoro. Alifurahi sana, lakini njiani aliniuliza mara tatu, "Hapa ndipo Ngerengere?" Ile treni ikishika kasi yake ya kilomita 160 kwa saa, mahali panapita kabla hajapakumbuka. Tuliporudi nyumbani alikaa kimya, halafu akaanza kunihadithia Kilosa, stesheni ilivyokaa, mto Mkondoa, njia ya kwenda Kidatu inavyochepuka. Alihadithia mpaka saa sita usiku.

Nimeamua nimjengee Kilosa ndogo, yenye treni inayotembea. Nina chumba cha nyuma cha futi 10 kwa 11, na fundi seremala jirani yupo tayari kunisaidia. Nilinunua seti ya treni ya umeme kwenye mitumba ya vifaa vya watoto: kichwa kimoja, mabehewa matatu na reli za kutosha duara. Nilipochomeka transfoma yake ukutani ilitoa moshi ndani ya dakika moja, na sasa sijui kama kichwa nacho kimeungua. Pia nimesoma kwamba reli hizi zina upana wa milimita 16.5 na zimekusudiwa kuwakilisha reli pana ya 1,435, wakati Kilosa ya mzee ni reli ya mita moja. Naona hapo nitakuwa namdanganya, na mzee wangu hadanganyiki kwenye mambo ya reli.

Halafu kuna milima, mto na mashamba ya mkonge. Vifaa vya kuagiza nje bei yake siiwezi. Naombeni msaada, nianzie wapi?

FundiWaya:

Pole sana mkuu. Geuza hiyo transfoma usome nyuma, nina uhakika imeandikwa volti 120. Hiyo ni ya Marekani. Sisi ukutani tuna 230, kwa hiyo umeipa karibu mara mbili ya inachostahimili. Usijaribu kuifufua.

Kichwa usikikatie tamaa. Chukua betri ndogo ya mraba ya volti 9, kilaze kichwa chali, gusisha waya mmoja kwenye magurudumu ya kushoto na mwingine ya kulia, sekunde moja tu. Magurudumu yakizunguka, mota ni nzima. Yasipozunguka, usitupe: mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda mpaka gia zikashikana. Fungua, safisha, weka tone moja la mafuta ya cherehani.

Treni hizi zinatumia volti 12 za DC. Tafuta adapta nzuri ya volti 12, ampea 2, na kifaa kidogo cha kurekebisha mwendo wa mota. Vyote vinapatikana Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Weka na swichi ya kugeuza chanya na hasi ili treni irudi nyuma, na fyuzi kati ya adapta na reli. Fyuzi usiiache, kwa sababu behewa likianguka na kulaza chuma juu ya reli zote mbili, hapo hapo ni shoti.

Usitegemee vile viungio vya reli kupitisha umeme. Hewa yetu ya Dar ina chumvi na unyevu, baada ya masika mbili treni itakuwa inasitasita. Lehemu waya chini ya reli kila baada ya mita moja hivi, zote ziungane kwenye waya mkubwa chini ya ubao. Reli uzifute kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti. Msasa hapana, unaacha mikwaruzo na uchafu unashika humo.

Reli1067:

Hongera kwa wazo. Hilo la upana wa reli usiliogope, lina dawa nzuri.

Seti yako ni ya skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Chukua 1,435 ugawe kwa 87, unapata 16.5. Reli ya mita moja kwa skeli hiyo ingetaka njia ya karibu milimita 11.5, ndiyo maana wenzetu wa Ulaya wanaounda reli za mita moja hutumia njia ya milimita 12. Vifaa vyake ni adimu na ghali, achana navyo.

Badala yake geuza hesabu. Acha njia ibaki 16.5, badilisha skeli ya kila kitu kinachokaa juu yake. Kwa 1:64, njia ya 16.5 inawakilisha takriban milimita 1,056 za kweli. TAZARA yenye 1,067 inaingia karibu kamili, na New Zealand, ambako reli ni ya upana huo huo, wapo wanaotumia njia hii kwa miaka. Reli yetu ya mita moja inazidi kwa chini ya milimita moja kwenye ubao wako. Jicho la mzee halitaiona hiyo, naapa.

Maana yake unahifadhi magurudumu na mota ya mtumba, unavua bodi la Kimarekani, unajenga bodi lako la boksi gumu kwa 1:64. Kwa kichwa, mimi ningejenga cha aina iitwayo klasi 88, zile dizeli zilizotengenezwa Montreal, Canada. Mzee atazijua kwa umbo tu. Chesisi itakuwa fupi kidogo, kwa hiyo fupisha bodi katikati, uso wa mbele uuache na vipimo vyake.

Mkata Boksi:

Kaka, mimi ni dada niliyefanya kazi ya kutengeneza modeli za majengo kwenye ofisi ya wasanifu. Nakuomba kitu kimoja kabla hujakata chochote. Umesema magoti na macho ya mzee yana shida. Ukiweka shiti nzima ya plaiwudi katikati ya chumba, futi 4 kwa 8, atalazimika kusimama na kuinama, na upande wa pili hataufikia. Mwambie fundi aipasue katikati kwa urefu. Unapata mbao mbili za sentimita 61 kwa 244. Weka moja ukutani, kimo cha meza, sentimita 75, nafasi ya kiti chini yake. Mzee akae, avute kiti, aguse. Nusu ya pili itasubiri, siku moja itakunja kona kwenda Kidatu.

Duara la treni liache. Najua duara linafurahisha, ila Kilosa halikuwepo duara, na kona zile kali za seti zitafanya mabehewa marefu yaning'inie nje.

Sentimita 244 kwa 1:64 ni kama mita 156 za Kilosa ya kweli. Ni kidogo sana! Kaa na mzee achague: jengo, jukwaa, tangi la maji, pointi (pale treni inapohamia njia ya Kidatu). Usimwambie ni sapraizi. Yeye ndiye ramani yako.

Vipimo vya kukumbuka: mlango wa mita 2.1 unakuwa milimita 33. Mtu mzima, milimita 27.

Sasa mabati, kwa sababu stesheni bila mabati haijawa stesheni. Mgongo mmoja wa bati la kawaida hadi mwingine ni kama milimita 76, kwa 1:64 ni 1.2. Kamata bolti ya spana namba 13: nyuzi zake zimepishana milimita 1.25. Kata ukanda wa karatasi ya alumini ya jikoni, iweke juu ya kipande cha kandambili kuukuu, kisha viringisha bolti kwa kuikandamiza, taratibu, mara moja tu. Inatoka bati. Ukirudia mara ya pili mistari inapishana na inaharibika. Gundisha juu ya karatasi ngumu, pakaa rangi ya kijivu, halafu kwa brashi karibu kavu pitisha rangi ya kutu kwenye kingo na pale misumari ilipo. Nilipotengeneza paa la kwanza kwa njia hii sikulala, nilikaa naliangalia.

Bustani ya Kigamboni:

Nakuja kwenye mandhari, ndio ugonjwa wangu.

Milima: lile povu jeupe linalokuja na friji na TV. Pandanisha vipande, chonga kwa kisu, funika kwa vipande vya gazeti vilivyolowekwa gundi nyeupe ya mbao, juu pakaa unga wa jipsamu mwepesi kama uji. Ukianza kukauka ukwangue kwa kijiko, unapata miamba.

Kokoto za reli: tafuta vumbi la kokoto kule Kunduchi wanakoponda mawe, au omba mfuko kwenye jengo linalojengwa. Chekecha mara mbili, chujio la chai linafaa. Baada ya hapo pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ukiona nywele nyeusi zimesimama kwenye mfuko, ondoa zote, chembe hizo zikivutwa na mota zinaingia kwenye gia na kazi yote ya FundiWaya inaharibika. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi, unavuta unyevu na kulisha reli kutu. Tandaza kokoto zikiwa kavu, zipange kwa brashi, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi iliyochanganywa na maji kwa bomba la sindano. Acha siku nzima.

Nyasi: katani! Tunayo hapa hapa. Kata nyuzi za milimita tano mpaka kumi, zisimamishe kwenye gundi kwa vichaka vidogo. Zikiwa na rangi yake ya asili ni nyasi za kiangazi kabisa. Zitie rangi ya kijani kidogo chini tu.

Mkonge wenyewe: kata vinyota vya karatasi nene vyenye ncha kali, pandanisha vitatu, kila cha juu kidogo kuliko cha chini, kunja majani juu. Panda kwa mistari iliyonyooka kama mashamba ya kule Kimamba, stesheni iliyo karibu na Kilosa. Inachosha, ila mia moja zinatosha kumfanya mtu aseme "huu ni mkonge".

Mkondoa usiupake bluu. Ni mto wa matope. Rangi ya chai ya maziwa katikati, nyeusi kidogo penye kina, kisha vanishi tabaka tano nyembamba. Na tuta la reli kando yake lioneshe limewahi kuliwa na maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalibeba reli huko, mzee hajasahau.

Mwisho: boksi na gundi ni chakula cha mchwa. Paka ubao vanishi pande zote, chini na kwenye kingo, miguu iwe ya chuma.

Mtoto wa Kilosa:

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Mota ni nzima! Ilikuwa grisi kweli. Ubao upo ukutani, kimo kile kile alichosema dada.

Nilimwambia mzee kila kitu. Nikamwekea kipande cha reli mkononi, akapitisha kidole kwenye mataruma, vile vipande vinavyokingama chini ya reli, akasema, "Haya ni ya mbao. Yetu yalikuwa ya chuma. Ya mbao mchwa wangeyamaliza." Halafu akasema yamebanana mno. Reli1067, nifanyeje?

Reli1067:

Shikamoo yake mzee! Yuko sahihi mara mbili. Mataruma hayo ni ya 1:87, kwa hiyo kwa 1:64 ni madogo na yamesogeleana. Kata vile viunganishi vya plastiki chini, toa taruma moja katika kila manne, sogeza yaliyobaki yalingane. Nusu ya mataruma kokoto zitayafunika, hata wembamba wake hautaonekana. Paka rangi ya kutu, kahawia yenye wekundu kidogo, na ubavu wa reli pia. Juu ya reli futa kabla rangi haijakauka.

FundiWaya:

Ukitoa mataruma hakikisha upana haujabadilika. Kata kipande cha bati chenye upana wa 16.5 kamili, kipitishe kati ya reli mwanzo mpaka mwisho.

Mtoto wa Kilosa:

Nimefanya, imekaa vizuri. Mabati nayo yametoka, dada Mungu akubariki.

Mzee ameomba kengele. Anasema ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa barazani. Nilijaribu kipande cha nondo, sauti ikawa nzito. Jana usiku nikafunga ile spana namba 13 kwa uzi chini ya ubao, nikaigonga kwa msumari. Mzee alikuwa sebuleni, redio imewashwa. Akapaza sauti, "Imeshatoka Kimamba?"

Spana inabaki hapo. Kesho naanza jukwaa. Mkata Boksi, ukingo wake nichonge kwenye jipsamu au nitumie boksi?