Naomba ushauri: ngazi ya nje na nafasi ya pembeni ya kiwanja

Habari zenu wakuu. Kiwanja ni mita 15 kwa 24 (mita za mraba 360), bikoni (alama za mipaka) zote zipo. Masharti tuliyopewa, nafasi ya kuacha wazi hadi mpakani: mbele mita 3, nyuma 3, pembeni 1.5 kila upande, nyumba isizidi asilimia 40 ya kiwanja. Ghorofa moja, mita 12 kwa 12, yaani 144: asilimia 40 kamili.

Tatizo ni ngazi ya zege ya nje, upana mita 1.2. Ikikaa pembeni, inabaki sentimita 30 tu hadi mpakani, na mvua itamwagikia jirani. Fundi anasema ngazi haihesabiwi, msanifu anakataa. Tumejaribu kuiingiza ndani, inameza chumba.

Je, ngazi isiyoezekwa huhesabiwa kwenye nafasi ya pembeni na kwenye ile asilimia 40? Na upenu wa paa unaotokeza sentimita 60, kipimo huanzia ukutani au ukingo wa bati?