MJADALA: Baiskeli moja ya mlimani inatosha kwa kila aina ya uendeshaji?

Meno32
Wakuu, swali ni hili: mtu akiwa na baiskeli moja tu ya mlimani, yenye shokapu mbele na nyuma zinazobonyea milimita 130 hadi 140 na magurudumu ya inchi 29, bado ana haja ya nyingine? Mimi nasema hana.

Zamani hoja ya baiskeli mbili ilikuwa na mashiko kwa sababu ya gia na siti. Leo meno 32 mbele na kaseti (rundo la gia) ya meno 10 hadi 52 nyuma yanakupeleka kama kilomita 5 kwa saa ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, mwendo ambao unapanda nao mlima mkali bila kushuka. Kwenye gia ndogo ya nyuma, ile ya meno 10, mizunguko 90 inakupa kama kilomita 40 kwa saa. Siti nayo inashuka sentimita 15 hadi 20 kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Kilichobaki ni kiburi cha kuwa na nyingi.

Mnyororo Mkavu
Mkuu, mshika mawili moja humponyoka. Umehesabu gia ukaruka pembe ya foki, yaani ile miguu yenye shokapu inayoshika gurudumu la mbele.

Baiskeli ya mashindano ya msituni (kupanda na kuzunguka) inabonyea milimita 100 hadi 120, foki imesimama nyuzi (digrii) 67 au 68, uzito kilo 10 hadi 12. Ya kushuka mlima pekee inabonyea 200, foki imelala nyuzi 62 au 63, uzito kilo 16 na kuendelea. Hiyo yako ya katikati iko nyuzi 65 hivi. Foki ikilala, gurudumu la mbele linakaa mbali na wewe: kwenye mteremko halikupindui, lakini kwenye mlima mkali usukani unayumba kulia na kushoto na inabidi usogee mpaka ncha ya siti ili ulikandamize. Ikisimama, ni kinyume chake. Pembe hiyo imechomelewa kwenye fremu. Kile kipande cha kugeuza pale shokapu ya nyuma inapofungwa hubadilisha nusu nyuzi tu na kuinua au kushusha kitako cha baiskeli milimita chache.

Mama Giya
Methali haiendeshi baiskeli, na nyote wawili mmeruka kitu chenye tofauti kubwa kuliko vyote: matairi. Fremu ileile ikivaa matairi mengine huwa kama baiskeli nyingine, na nashangaa watu wanabishania nusu nyuzi huku wamevaa tairi lisilofaa.

Tairi jepesi la inchi 29 kwa 2.4 lina gramu 700 hadi 800. Lenye kuta nene za kushukia lina 1,200 hadi 1,400. Kwa magurudumu mawili hiyo ni kama kilo moja, na iko pembeni kabisa mwa gurudumu, mahali ambapo mguu unaihisi kila ukiongeza mwendo. Mtu wa kilo 75 asiyetumia tyubu ataanzia upepo wa psi 20 hadi 22 mbele na 23 hadi 25 nyuma. Upepo huo kwenye tairi jepesi juu ya mawe makali unaishia kwa rimu kugonga jiwe na ukuta wa tairi kuchanika. Kwenye tairi nene, ukuta wenyewe unashika umbo na kona hailegei. Kwa hiyo anayesema "baiskeli yangu haiwezi mawe" aangalie kwanza ukuta wa tairi.

Kubadilisha si kazi ya siku nzima. Toa upepo wote, sukuma ukingo wa tairi uingie kwenye mfereji wa katikati ya rimu pande zote mbili, mwaga dawa ya zamani (ule ute wa kuziba matundu), kisha futa rimu mpaka iwe kavu. Mabonge ya dawa iliyoganda pale ukingo unapokalia ndiyo yanayovujisha, na watu husingizia tairi. Vaa tairi jipya ukiacha nafasi kidogo, mimina mililita 100 ya dawa, malizia kuvaa, ng'oa sindano ya vali na ujaze upepo kwa nguvu mpaka usikie mlio kila upande ulipokaa. Usipite kiwango kilichoandikwa kwenye tairi au rimu. Chukua kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Rudisha sindano, jaza tena, zungusha gurudumu, lilaze dakika kadhaa kila upande. Dawa yenyewe hukauka, iongeze kila miezi miwili au mitatu.

Spoku Legevu
Dada, nani atafanya hayo kila Jumamosi? Bora jozi ya pili ya magurudumu, moja kwa kupanda na moja kwa kushuka.

Mama Giya
Sawa, lakini hapo ndipo wengi wanapopotea. Ekseli ya nyuma lazima ilingane: ya milimita 148 kwa 12 haiingiliani na ya 157 kwa 12. Habu (kitovu cha gurudumu) ipokee kaseti ya aina ileile, na diski za breki ziwe za kipenyo kilekile. Hata zikiwa sawa, habu mbili huweka diski mahali panapotofautiana kidogo, ukibadilisha inakwaruza. Tiba yake ni vibati vyembamba vya milimita 0.2 chini ya diski, siyo kuhangaika kila wiki na kalipa, kile kifaa kinachobana diski.

Kaseti ni jambo la pili. Mnyororo uliolika pamoja na kaseti ya kwanza ukiuweka kwenye kaseti mpya ya jozi ya pili, utaruka meno ukikanyaga kwa nguvu. Pima mnyororo mara kwa mara. Kwa gia 12, ukifika asilimia 0.5 ya kurefuka, utoe. Anza kaseti zote mbili na mnyororo mpya na uzitumie kwa zamu.

Mnyororo Mkavu
Maelezo mazuri, nakubali kuhusu matairi. Ila tairi nene haligeuzi fremu kuwa nene. Kuna viwango vya ASTM F2043 (ASTM ni shirika la viwango la Marekani) vinavyogawa baiskeli kwa namba 1 hadi 5, na watengenezaji wengi huweka namba hiyo kwenye kitabu au kibandiko cha fremu. Namba 3 ni njia za msituni na kuruka kusikozidi sentimita 61. Namba 4 ni njia mbaya zaidi, mpaka sentimita 122. Namba 5 ndiyo ya kuruka kwa ukali na kushuka kwa kasi. Baiskeli nyingi anazosifia Meno32 ziko 3 au 4. Ukienda nayo kila wiki kwenye miruko ya namba 5, fremu haivunjiki siku hiyo. Inachoka polepole, ufa unaanzia pale bomba la chini linapoungana na kichwa cha fremu, chini ya rangi. Osha baiskeli, ukaguze sehemu hiyo kwa tochi.

Fundi Beringi
Niongeze kosa linalofanywa na watu wa "baiskeli moja". Wanachukua fremu iliyoundwa kwa foki ya 140 na kuichomeka ya 160 ili iweze kila kitu. Foki ikirefuka milimita 20, pembe inalala karibu nyuzi moja, siti nayo inalala, usukani unapanda, kitako kinainuka. Umeharibu upandaji, na wenzo unaovuta kichwa cha fremu umekuwa mrefu zaidi. Kitabu cha fremu huandika urefu wa juu unaoruhusiwa, na ukiupita, dhamana nayo mara nyingi imekwenda. Milimita 10 juu ya ile ya asili ndiyo mara nyingi inakubalika. Zaidi ya hapo nunua fremu nyingine.

Na hamjagusa breki! Mashindano ya kushuka mlima ya Repack (Kiingereza cha kujaza grisi upya) kule Marin, California, mwaka 1976 yalipata jina kwa sababu breki ya kwenye habu ilichemka mpaka grisi ikafuka moshi, na ikabidi ijazwe grisi upya baada ya kushuka. Joto bado ni lilelile. Diski ya 160 na kalipa ya pistoni mbili inatosha msituni. Kwenye mteremko mrefu weka diski ya 200 mbele na kalipa ya pistoni nne, ukihakikisha foki inaruhusu kipenyo hicho. Adapta iwe ya kipimo sahihi na boliti za urefu wake. Kamwe usitie mafuta ya DOT (aina ya mafuta ya breki za magari) kwenye breki ya mafuta ya madini: sili zinavimba na pistoni hazirudi. Diski na pedi mpya zizoeshe kwanza: punguza mwendo mara 15 hadi 20 kutoka kasi ya kati bila kusimama kabisa.

Meno32
Fundi, hiyo diski ya 200 inafungwa kwenye baiskeli hiyohiyo moja, kwa hiyo umenisaidia. Na kumbukeni mwendesha baiskeli Mmarekani John Tomac, mwaka 1991 alikuwa bingwa wa dunia wa msituni na akachukua medali ya fedha kwenye kushuka.

Mnyororo Mkavu
Hiyo inathibitisha Tomac, haithibitishi baiskeli. Na njia za kushukia za mwaka 1991 si za leo.

Spoku Legevu
Miruko ya udongo hamjaitaja kabisa. Pale watu wanataka gurudumu la inchi 26, nyuma bila shokapu, foki ya 100 iliyokazwa. Milimita 140 pale zinameza nguvu yako kabla hujaruka. Hata Meno32 hawezi kuokoa hilo.

Meno32
Hilo nalikubali. Miruko ya udongo na namba 5 nazitoa. Vingine vyote bado vyangu.

Mama Giya
Basi anayebaki na moja ajifunze kubadilisha upepo wa shokapu kabla ya kununua chochote. Vaa kila kitu unachovaa njiani, kaa juu ya baiskeli, sogeza kile kipete cha mpira kilicho kwenye fimbo ya shokapu mpaka kwenye sili, shuka taratibu bila kuiruka, kisha pima kipete kimesogea milimita ngapi. Shokapu ya nyuma ambayo fimbo yake huingia milimita 55: kwa siku ya kupanda tafuta 14, ambayo ni asilimia 25, kwa siku ya kushuka tafuta 16 hadi 17, yaani asilimia 30. Foki ya 140 ianzie kwenye 28. Ukiongeza upepo shokapu inarudi kwa kasi zaidi, hivyo geuza kitufe chekundu cha kasi ya kurudi mlio mmoja au miwili upande wa polepole. Andika namba zote mbili kwenye utepe na uubandike chini ya fremu, pembeni mwa pampu ya shokapu. Pampu ya matairi haifai: kuifungua tu kunatoa upepo kuliko ulioongeza.