Homoni za kiume zimeshuka, nina miaka 43: nichome sindano au nisubiri?

Dereva_wa_Kitonga:
Wakuu, naombeni msaada, na kucheka chekeni kidogo tu. Huu mwaka wa 14 naendesha semi, Dar–Tunduma. Tangu mwishoni mwa mwaka jana mwili umegoma. Nikirudi nyumbani nawaza kitanda, na kitanda chenyewe ni cha kulala tu. Mama watoto akinigusa najifanya nimeshapitiwa na usingizi. Alfajiri kule chini kimya, wakati zamani kulikuwa kunatangulia kuamka kabla yangu. Tumbo ndiyo usiseme, mkanda nimeutoboa tundu mbili mpya kwa msumari.

Wiki iliyopita nimeshusha mzigo, nikaingia maabara ya mtaani saa kumi jioni. Nilikuwa na siku mbili sijalala vizuri, tumboni enaji mbili na chipsi. Cheti kimetoka: testosteroni 7.4 nanomoli kwa lita, pembeni wameandika CHINI kwa wino mwekundu. Jamaa wa duka la dawa hakuuliza hata umri, akaniuzia ampuli ya miligramu 250. Iko kwenye friji nyuma ya jagi la juisi. Mama watoto nimemwambia ni chanjo ya kuku. Nichome? Tunatafuta mtoto wa tatu.

Mzee_wa_Mizani:
Sindano ya nini mkuu, wakati vumbi la Kongo lipo? Kijiko kimoja kwenye uji, utakuja kunishukuru.

Fundi_Maabara:
Mzee, hilo vumbi acha. Nchi nyingi mamlaka za dawa zimekamata hizo "dawa za asili" na kukuta ndani kumechanganywa sildenafil, ile dawa iliyomo kwenye Viagra, dozi haijulikani. Inasimamisha, ila homoni haipandishi hata chembe. Na mwenye dawa za moyo za jamii ya naitreti presha inaweza kudondoka akafa.

Dereva, cheti hicho mimi ningekiweka pembeni. Homoni hii inapanda ukiwa usingizini, kilele chake asubuhi, jioni imeshuka. Wewe umepimwa jioni, umeshiba, hujalala. Pumzika siku mbili tatu nyumbani, nenda kabla ya saa nne asubuhi hujala kitu, kisha rudia siku nyingine. Madaktari wa Marekani wa njia ya mkojo huweka mstari kwenye nanogramu 300 kwa desilita, kama 10.4 kwa kipimo chako. Ikibaki chini mara zote mbili, omba vipimo vya LH, FSH na prolaktini, homoni zinazotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ijulikane tatizo liko kwenye korodani au kwenye tezi hiyo.

Sindano na mtoto wa tatu haviendi pamoja. Ubongo ukiona homoni imejaa toka nje, unaacha kuziamrisha korodani, mbegu zinapungua, wengine zinaisha kabisa. Kurudi ni miezi, mara nyingine zaidi ya mwaka.

Halafu itoe kwenye friji! Ni dawa ya mafuta, baridi inaigandisha chembechembe.

Mama_Wawili:
Kaka pole. Unakoroma? Mume wangu alikuwa anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta, katikati pumzi inakata, halafu anashtuka kama anazama. Tulihangaika na mizizi kumbe ni usingizi mbovu, na sukari ilikuwa juu. Pima sukari. Na mwambie mkeo, shemeji si mtoto, sisi tunadhani mna mtu mwingine huko njiani.

Dereva_wa_Kitonga:
Nimerudi wakuu, wiki tano zimepita. Nilikaa nyumbani siku tatu, nikapima saa mbili asubuhi: 10.8. Safari iliyofuata nikarudia: 11.3. Daktari anasema ni mpakani, sindano hapana kwa sasa. Ila sukari, sijala kitu, ilikuwa 9.6. Hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Nimeanzishiwa vidonge, enaji nimeacha, usiku nalala Makambako badala ya kulazimisha mpaka Tunduma. Bosi ananuna, anune. Tundu moja la mkanda nimerudi nyuma.

Kukoroma, mama watoto anasema hajawahi kunisikia kwa sababu anawahi kulala kabla yangu, utingo wangu ndiye aliyetoa ushahidi.

Nimemweleza kila kitu. Alinyamaza muda, halafu akauliza: "Sasa kuku wangu watachanjwa lini?"