Kwa nini kwaya zetu zinaimba kwa d-r-m?

Alto wa Tukuyu: Wakuu, shikamooni. Mwalimu wetu akileta wimbo mpya ubaoni ni herufi za solfa (do, re, mi) tu, kama d:r|m:-, nota za mistari mitano hatuzioni. Wamisionari wa huku Rungwe walikuwa Wajerumani. Hii d-r-m ilitoka kwao?

Besi wa Mafinga: Hapana dada, ni ya Uingereza. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ndiye aliyeianzisha. Mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza karne ya 19. Nukta mbili (:) inatenganisha mapigo, kialama cha juu (d') ni oktava ya juu (noti ile ile, ngazi nzima juu), cha chini (s,) ni ya chini. Herufi tupu! Unachapa kwa mashine yoyote, na kinanda si lazima. Wachimba makaa wa Wales waliimbia hiyo hiyo.

Mzee wa Kwaya, Iringa: Marahaba mwanangu. Wamisionari Waingereza waliipeleka hadi Afrika Kusini. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 kwa solfa. Sauti ya wimbo huo ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika.

Alto wa Tukuyu: Kumbe! Asante baba. Ila hizo s, za besi mwalimu wetu anasahau vialama, halafu anatugombeza sisi.