Eti "news" ni pande nne za dunia! Na mimi niliyebisha nikaambiwa KAA CHINI

Wakuu, nimetoka semina sasa hivi, niko kwenye daladala, mikono bado inatetemeka. Yule mtaalamu wetu, jina la nini, wote mnamjua, yule wa miwani kwenye paji na kipaza sauti hata chumba kikiwa na watu kumi na tano. Kaandika ubaoni N, E, W, S, kageuka kama mtu aliyefufua maiti: "Kaskazini, mashariki, magharibi, kusini! Ndiyo maana habari zinaitwa news!" Makofi hayo, nusura bati ling'oke.

Nikanyoosha kidole, kwa adabu zote. Nikasema mwalimu, hilo ni "new" tu, yaani -pya, likatiwa wingi: mambo mapya. Wafaransa nao wana "nouvelles" yao. Na zamani Waingereza wenyewe waliandika "newes". Sasa hiyo E ya pili ni upande gani wa dunia?

Akajibu: "Dada, kaa chini."

KAA CHINI! Mimi, miaka tisa nafundisha Kiingereza sekondari! Tena kwenye kipaza sauti, ukuta ukarudisha: chini, chini, chini. Mama wa mbele kageuka kunitazama kama mtoto aliyejikojolea. Na nilikaa, wakuu. Nilikaa! Sambusa ya mapumziko nimeishika hadi imepoa, haipiti kooni. Kaa chini!

Kisiki cha Mpingo: Kwenye daladala umepata siti au umesimama kulipiza?

Mjukuu wa Bibi: Mimi nafahamu ni pande nne tangu darasa la tano. Umeniharibia Jumamosi.

Fundi Saa: Afadhali wako. Wangu alidai "safari" tumeiazima kwa Mwingereza! Yeye ndiye aliyeibeba kwetu karne ya 19, na sisi tuliitoa kwa Mwarabu. Leo mwambie mtalii una safari ya msibani, atauliza mtaona simba wangapi.

Mama Nasri: Na Jenga je? Ule mchezo wa vijiti uliozinduliwa London 1983. Mama aliyeubuni alikulia huku huku Afrika Mashariki, jina kalitoa kwenye kujenga. Mwanangu ananibishia ni Kijapani!

Kisiki cha Mpingo: Mchezo wenyewe kazi yake kuporomoka, halafu Jenga.

Mleta uzi: Jamani, kaa chini! Mbele ya watu!

Fundi Saa: Tumesikia dada. Hata "sugar" yao na sukari yetu ni mama mmoja, Kiarabu "sukkar".

Mama Nasri: Usinitajie sukari! Umepita dukani wiki hii?

Mjukuu wa Bibi: Kwetu wanapima robo robo, kilo nzima wanaficha.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Alisema KAA CHINI.

Mama Nasri: Dada, kwani huko kwenu kilo wanauzaje?